Binti Akijibu Ndiyo

Mhadhara kwa wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili, Edmonton, London

 Najua wapo kati yenu waliotoka zamu moja kwa moja, na wapo watakaoingia zamu ya usiku tukimaliza hapa. Basi niingie kwenye jambo lenyewe.

Mtoto anayesoma shule ya msingi ya serikali hapa Edmonton hupimwa uzito na urefu mara mbili: anapoanza shule akiwa na miaka 4 au 5, na tena katika Mwaka wa 6, akiwa na miaka 10 au 11. Ni mpango wa England nzima, ulioanza mwaka 2006, na wengi wenu mmewahi kupokea barua yake. Inakwambia kama mwanao ana uzito pungufu, wa kawaida, uliozidi, au uliozidi mno. Sababu ya kupima inaeleweka. Zaidi ya theluthi moja ya watoto wa Mwaka wa 6 nchini wana uzito uliozidi, na wilaya yetu ya Enfield iko juu ya wastani huo.

Tazameni sasa kinachofuata. Binti anavuka kwenda sekondari. Anatimiza miaka 12, 13, mwili unabadilika, nguo za mwaka jana hazimtoshi, na hapo ndipo mizani ya serikali inapoacha kumfuata. Mlo wa mchana wa bure, ambao tangu Septemba 2023 watoto wote wa shule za msingi za serikali za London wanaupata, unaishia kwenye lango la sekondari. Kuanzia hapo, ni watoto ambao kipato cha nyumbani kwao ni kidogo tu wanaolishwa bure. Wengine hupewa pesa, na kama binti amekula au hakula anajua yeye. Tuliosoma shule za bweni kule nyumbani tulikuwa na matroni aliyeona sahani zetu, na sahani iliyorudi na chakula ilikuwa na maelezo yake. Binti wa Edmonton anaweza kukaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni bila mtu mzima yeyote kuiona sahani yake.

Na huo ndio umri ambao maradhi ya ulaji huanza kujitokeza. Nikisema maradhi ya ulaji nina maana ya anoreksia, ambapo mtu hujinyima chakula hadi mwili unajila wenyewe. Bulimia, ambapo hula kwa kufakamia kisha akajitapisha au akanywa dawa za kuharisha. Na ulaji wa kufakamia usiofuatwa na kutapika, ambao huleta fedheha ya siri na uzito unaopanda. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2023 ulikuta maradhi haya kwa asilimia 4.3 ya wasichana wa miaka 11 hadi 16 katika England. Kwa wavulana wa umri huo ilikuwa asilimia 1. Katika umri wa miaka 17 hadi 19, wasichana walikuwa asilimia 20.8. Katika kila mabinti watano wanaoingia chuo au kazini, mmoja ni mgonjwa. Anoreksia inaua kuliko karibu maradhi mengine yote ya akili. Kiwango cha vifo vya walio nayo ni zaidi ya mara tano ya kile cha wenzao wa rika lao, na katika kila vifo vitano kimoja ni cha kujiua.

Ndiyo maana swali linaulizwa: kwa nini shule zisiwapitie mabinti wote kwa dodoso fupi, wajulikane mapema walio hatarini? Nakubali kwamba waulizwe. Lakini nina sharti, na sharti hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Kwanza niondoe kizuizi kimoja, maana nimekisikia mara nyingi na kwa nia njema: kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli kwamba majina yake yalitolewa katika mji huu huu. William Gull, daktari wa hospitali ya Guy's, alilitumia jina la anoreksia nervosa mbele ya wenzake mwaka 1873. Gerald Russell, akiwa hospitali ya Royal Free, aliieleza bulimia mwaka 1979. Ni kweli pia kwamba kwetu unene ulikuwa na heshima yake. Mwaka 1994 Adrian Furnham wa London na Peter Baguma wa Makerere walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa Uingereza na wa Uganda walionyeshwa michoro ya miili, kuanzia myembamba sana hadi minene sana. Wanafunzi wa Uganda waliwaona wanawake wanene kuwa wanapendeza kuliko walivyoonekana machoni mwa wenzao wa Uingereza.

Lakini binti yako anaishi pande zote mbili. Anakwenda likizo Dar es Salaam au Bukavu, shangazi anamkumbatia na kumwambia kwa furaha, "Umenenepa, Ulaya imekupenda!" Shangazi ametoa sifa. Binti aliyezaliwa hospitali ya North Middlesex amesikia tusi, na jioni ile hali. Akirudi huku amepungua, marafiki shuleni wanamwambia amependeza. Barua ya Mwaka wa 6 ilikuwa imesema uzito wake umezidi, kwa hiyo hata mama anapoona suruali zimelegea anashukuru. Mwili wenye asili ya unene unaweza kupoteza kilo nyingi kwa njaa ya kujitakia, moyo ukadhoofika, hedhi ikakatika, na mizani bado ikasoma kawaida. Wagonjwa wengi wa maradhi haya si wembamba hata kidogo. Ndiyo maana sikubali mizani iwe mlango wa uchunguzi huu.

Kama bado unaamini utamaduni ni kinga, fikiria Fiji, nchi ya visiwa ambako mwili mkubwa ulikuwa dalili ya kutunzwa na jamaa. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Anne Becker, daktari na mwanaanthropolojia wa Marekani, aliwapima wasichana wa sekondari mwaka huo, kisha akapima kundi jingine mwaka 1998. Waliopata alama za hatari kwenye dodoso walikuwa wamepanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Wanaojitapisha ili wapungue walitoka sifuri wakafika asilimia 11.3. Miaka mitatu tu, na wakati huo simu ya mkononi yenye picha ilikuwa haijafika.

Na ipo habari ya Ghana, ambayo kwangu ina uzito kuliko hiyo, maana inatugusa waumini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwapima wanafunzi wa kike 668 wa sekondari. Watafiti walipotenga waliokondeshwa na maradhi mengine, walibaki mabinti 10 ambao hakukuwa na sababu nyingine ya kukonda kwao isipokuwa kujinyima. Hakuna hata mmoja wao aliyesema anaogopa kunenepa. Walizungumza juu ya kujitawala na juu ya kufunga kwa ajili ya Mungu. Dodoso lililotungwa kwa ajili ya binti anayejitazama kwenye kioo lingewapita wote kumi.

Sasa tulitazame dodoso lenyewe. Maarufu kuliko yote linaitwa SCOFF. Lilitungwa hapa London, katika hospitali ya St George's, na John Morgan na wenzake wawili, likachapishwa mwaka 1999. Lina maswali matano tu. Je, hujitapisha kwa kuhisi umeshiba kupita kiasi? Je, una wasiwasi kwamba umeshindwa kujizuia unapokula? Je, umepungua zaidi ya ratili 14, yaani kilo sita na kitu, ndani ya miezi mitatu? Je, unajiona mnene na hali wengine wanasema umekonda? Je, unaweza kusema chakula kimeyatawala maisha yako? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kukupeleka kwa daktari.

Uzuri wake ni ufupi. Katika jaribio la kwanza liliwanasa wagonjwa wote 116, na katika wanawake 96 wasio wagonjwa liliwashuku asilimia 12.5 bila sababu. Lakini wale walikuwa watu wazima, na wagonjwa wao walikwishajulikana. Chukua shule ya sekondari yenye wasichana 600. Kwa kiwango cha asilimia 4.3, wagonjwa watakuwa 26 hivi. Hata dodoso likiwanasa wote, litawanasa pia wasio wagonjwa wapatao 72. Mabinti 98 wataitwa, na karibu robo tatu yao wameitwa bure. Ukitumia wavu wenye matundu madogo zaidi hali inakuwa ya ajabu: katika ule utafiti wa 2023, maswali ya mwanzo, yaliyotangulia uchunguzi kamili, yaliwaweka asilimia 77.5 ya wasichana wa miaka 17 hadi 19 katika kundi la wanaoweza kuwa na tatizo.

Kwa sababu hiyo NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba hapa, ilisema mwaka 2017 kwamba dodoso kama SCOFF lisitumike peke yake kuamua nani mgonjwa, na uzito peke yake pia usiamue. Jopo la Marekani linaloshauri juu ya kinga lilipitia ushahidi wote na mwaka 2022 likasema hautoshi kupendekeza wala kukataza kuwapitia vijana wasio na dalili. Mwaka 2000 shule za sekondari za Marekani ziliwahi kujaribu: karibu robo ya wasichana walionyesha dalili za kustahili kuonwa na daktari, na wachache sana kati yao walikuwa wamewahi kutibiwa. Kujulikana walijulikana. Lakini kujulikana si kutibiwa.

Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 1968 kanuni za Wilson na Jungner kuhusu lini ni halali kumtafutia ugonjwa mtu ambaye hajalalamika. Ziko kumi, na moja yao inadai kwamba huduma ya kuuthibitisha ugonjwa na kuutibu iwepo. Hiyo ndiyo nataka tuishikilie.

Lakini kabla ya kufika kwenye tiba, tukae kidogo na majibu ya mabinti zetu, maana hapa wataalamu wa shule wanatuhitaji. Afrika Kusini, Daniel le Grange na wenzake waliona vijana weusi maskini wakipata alama za juu kwenye dodoso la ulaji. Wakaamua kuketi nao na kuwauliza walichokuwa nacho moyoni walipojibu. Wengi walioandika kwamba wanawaza chakula muda wote walikuwa wanawaza chakula kwa sababu nyumbani hakikutosha. Edmonton nayo ina nyumba kama hizo. Ipo familia ambayo mwisho wa mwezi mama anasema ameshiba ili watoto wagawane, na binti mkubwa ameanza kumuiga ili wadogo zake wapate. Ukimuuliza kama chakula kimeyatawala maisha yake, atasema ndiyo, na atakuwa amesema kweli. Huyo anahitaji chakula na msaada wa kipato, na ni aibu kumpeleka kwa daktari wa akili kabla ya kumuuliza kama jana alikula. Na bado, njaa ya kulazimishwa inaweza kugeuka njaa ya kuchagua. Karatasi haiwezi kutofautisha hizo mbili. Mtu aliyeketi naye anaweza.

Halafu kuna kufunga. Kwa binti Mwislamu, Ramadhani ni mwezi ambao kutokula ni ibada na hakuna anayeuliza. Akimaliza, anaendelea na sita za Shawwal, kisha Jumatatu na Alhamisi, na nyumba nzima inamsifu kwa uchamungu. Kwa binti wa kanisani kuna maombi ya kufunga siku tatu, siku saba, na mchungaji anafurahi. Sisemi wasifunge. Nasema Kurani yenyewe imemruhusu mgonjwa asifunge mpaka apone, na mchungaji yeyote mwenye busara atamwambia mgonjwa ale. Mzazi ndiye anayeweza kutazama saa ya futari. Anayefunga kwa ibada hufurahia tende na uji. Binti anayeogopa futari, anayekata tende vipande vinane, anayekimbilia chooni kabla sinia halijaondolewa, huyo aulizwe kwa upole.

Sasa tufike kwenye tiba, kwa sababu hapa ndipo sharti langu lilipo. Yule Gerald Russell wa bulimia alihamia hospitali ya Maudsley, kusini mwa mji, na mwaka 1987 yeye na wenzake walichapisha jaribio lililobadilisha mambo. Walilinganisha tiba ya familia na tiba ya mtu mmoja mmoja. Kwa vijana ambao anoreksia yao ilianza kabla ya miaka 19, na ilikuwa haijakaa muda mrefu, tiba ya familia ilishinda. Hadi leo ndiyo inayopendekezwa kwanza kwa watoto na vijana. Haimaanishi familia ndiyo iliyosababisha ugonjwa. Inamaanisha kwamba mzazi anashika usukani wa chakula: anapika, anapakua, anaketi na binti mpaka amalize, analia naye, kesho anarudia, mara tatu kwa siku na vitafunio katikati, kwa miezi. Daktari anamwelekeza mzazi, na mzazi anatibu.

Mnaona maana yake kwetu? Dawa yenyewe ni mama na baba. Na dawa hiyo inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi. Basi mama asiyeelewa alichoambiwa hawezi kumtibu mwanawe, hata hospitali iwe nzuri namna gani.

Katika kazi yangu ya ukalimani nimeingia chumba ambamo, kabla sijafika, aliyekuwa akimtafsiria mama maneno ya daktari alikuwa mgonjwa mwenyewe, binti wa miaka 14. Daktari anasema moyo wake unapiga polepole mno, lazima ale leo, binti anamwambia mama, "Anasema nina uchovu wa mitihani." Sikumlaumu. Ugonjwa huo unamtaka aufiche, na tulikuwa tumempa yeye peke yake ufunguo wa mazungumzo. Mama alipopata habari kamili alikaa kimya, kisha akauliza swali moja tu: "Nimpikie nini?" Lilikuwa swali sahihi kabisa, na lilikuwa limechelewa kwa wiki kadhaa.

Hili halihitaji fedha nyingi. Huduma ya afya ya taifa hutoa mkalimani bila malipo, na mtoto hapaswi kamwe kufanywa mkalimani wa wazazi wake. Kwa watoto wa Enfield, huduma maalumu ya maradhi ya ulaji iko Royal Free, Hampstead. Tangu 2015 kuna kiwango cha kitaifa: mgonjwa wa dharura aanze tiba ndani ya wiki moja, asiye wa dharura ndani ya wiki nne, na mwongozo huohuo unataka familia iweze kuomba yenyewe moja kwa moja. Kwa hiyo, ukishuku, nenda kwa daktari wako na sema waziwazi kwamba unashuku maradhi ya ulaji. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu binti hajakonda vya kutosha.

Najua hofu iliyo kwenye vifua vya baadhi yenu: shule ikijua mtoto hali, watu wa ustawi watakuja kumchukua. Kuugua kwa mtoto si kosa la mzazi. Mzazi anayekwenda mwenyewe kuomba msaada anaonekana kuwa mzazi mwema, kwa sababu ndivyo alivyo.

Kwa hiyo mabinti waulizwe, lakini wasiulizwe na karatasi iliyogawiwa darasani, wenzao wakichungulia. Hata kufundisha habari hizi darasani kunataka uangalifu: mwaka 1997 watafiti wa Oxford walieleza jinsi masomo ya kinga waliyowapa wasichana wa miaka 13 na 14 yalivyoishia na wasichana waliojizuia kula zaidi kuliko mwanzo. Binti aulizwe na muuguzi wa shule, faraghani, bila mizani, na swali la kwanza liwe kuhusu kama nyumbani chakula kinatosha. Muuguzi huyo awe mtu wa kudumu anayejua jina lake. Kwa watu wa pwani binti alikuwa na somo, kwa Waganda ana ssenga: mwanamke mzima ambaye si mama yake, ambaye angeweza kumwambia mambo ya mwili. Mabinti wetu wa hapa wengi hawana. Wapo humu ndani akina mama wanaoweza kulichukua jukumu hilo misikitini na makanisani, na ningependa kuwaona wakijitokeza leo kabla hatujatawanyika.

Na kama binti amezimia, analalamika maumivu ya kifua, anatapika kila siku au amekataa hata maji, msingoje barua wala miadi. Mpelekeni idara ya dharura ya North Middlesex, pale Sterling Way, ambayo haifungwi usiku wala mchana.

Bodi za shule zina viti vya wazazi vinavyopigiwa kura, na mikutano ya wazazi ya muhula ujao iko karibu. Mkifika huko, na shule ikasema inafikiria kuwapitia mabinti wote kwa dodoso, msianze kwa kuuliza ni maswali gani. Muulizeni mwalimu mkuu hivi: binti yangu akijibu ndiyo siku ya Jumanne, nani atanipigia simu, kwa lugha gani, na mkalimani amepangwa saa ngapi?